Kwa nini tiketi ya urais huwaponyoka wanasiasa wa msimamo wa kadri

Kila uchaguzi mkuu unapokaribia nchini Kenya, swali moja hurejea katika vibanda vya chai vya Makongeni mjini Thika na katika vituo vya matatu vya Ruiru. Je, mwanasiasa mpole, asiyetukana wala kuchochea, anayeweza kuketi meza moja na mahasimu wake, anaweza kupewa tiketi ya urais na chama chenye nguvu?

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba hawezi. Hata hivyo, historia ya siasa za vyama vingi tangu 1992 inaonyesha kwamba jibu hilo ni la kweli kwa sehemu tu. Mwanasiasa wa aina hiyo amewahi kuipata tiketi na kuingia nayo Ikulu kwa kishindo. Lakini hakuipata kwa kuwashawishi wanachama wa kawaida. Aliipata kwa sababu vigogo waliokuwa wakiviziana hawakumwona mwingine ambaye kila mmoja wao angeweza kumvumilia.

Thika na Ruiru ni mahali pafaapo kulitazamia suala hili. Miji hii imepangana kwenye barabara kuu moja itokayo Nairobi, katika Kaunti ya Kiambu. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, mji wa Ruiru ulikuwa na wakazi 490,120 na ule wa Thika 251,407. Viwanda, mashamba ya kahawa na mananasi, pamoja na nyumba za kupanga zilizozuka kila upande, vimewavuta watu kutoka kila pembe ya nchi. Hadi 2013 miji yote miwili ilikuwa ndani ya eneobunge moja la Juja. Tangu hapo kila mmoja una eneobunge lake.

Hakuna mwaniaji wa urais anayethubutu kuipita miji hii bila kusimamisha gari na kuhutubia. Wakati wa kuamua ni nani apewe tiketi, hata hivyo, wakazi wake hawaulizwi.

Mzozo wa 1992

Suala la namna ya kumteua mwaniaji ndilo lililoivunja FORD, chama kilichoundwa 1991 kushinikiza kurejeshwa kwa mfumo wa vyama vingi. Kenneth Matiba, aliyekuwa amezuiliwa na serikali 1990 na kuugua kiharusi akiwa kizuizini, alirejea nchini kutoka London Mei 1992 na kupokewa na umati mkubwa. Upande wake ulitaka wanachama wote wapige kura moja kwa moja. Upande wa Jaramogi Oginga Odinga ulipendelea uamuzi ufanywe na wajumbe.

Kulikuwa na mtu wa tatu. Masinde Muliro, mwanasiasa mkongwe kutoka magharibi mwa nchi, alitazamwa na wengi kuwa msuluhishi ambaye pande zote mbili zingeweza kumkubali. Alifariki Agosti 1992 mara tu alipotua katika uwanja wa ndege wa Nairobi akitoka London. Miezi michache baadaye FORD ilikuwa imegawanyika kuwa FORD-Kenya ya Odinga na FORD-Asili ya Matiba.

Katika Kiambu na Murang'a wapigakura walimfuata Matiba, na eneobunge la Juja likamchagua Stephen Ndicho wa FORD-Asili. Mwai Kibaki, mwaniaji wa chama cha Democratic, aliambulia zaidi ngome yake ya Nyeri na maeneo ya jirani. Matokeo ya kitaifa yalikuwa machungu kwa upinzani: Daniel arap Moi wa KANU alishinda kwa takriban asilimia 36 tu ya kura, huku Matiba akipata asilimia 26, Kibaki 19 na Odinga 17.

Kibaki ndiye aliyekuwa mfano kamili wa mwanasiasa wa kadri, na hilo ndilo lililomponza. Alikuwa amebaki ndani ya KANU hadi Krismasi ya 1991, na alikumbukwa kwa kusema kwamba kujaribu kuiangusha KANU ni sawa na kuukata mti wa mugumo kwa wembe. Mjini Thika mfano huo ulikuwa na kasoro ya pekee. Hapo ndipo panaposimuliwa habari za mugumo wa nabii Mugo wa Kibiro, ambao kuanguka kwake kulitabiriwa kuwa ishara ya mwisho wa ukoloni. Wenyeji walijua kwamba mugumo huanguka.

Mwaka ambao mpole alishinda

Miaka kumi baadaye mambo yalibadilika, na yafaa kueleza kwa undani jinsi yalivyobadilika, kwa kuwa huu ndio ushindi pekee wa aina yake.

Katika KANU, Moi aliyekuwa akistaafu alimchagua Uhuru Kenyatta kuwa mrithi wake. Uhuru alikuwa amepata kuwa mwenyekiti wa tawi la KANU la Wilaya ya Thika, wilaya ambayo wakati huo ilijumuisha pia Gatundu na Gatanga. Alikuwa ameshindwa katika uchaguzi wa ubunge wa Gatundu Kusini mwaka 1997. Mnamo Oktoba 14, 2002, wajumbe wa KANU walikusanyika Kasarani na kuidhinisha uamuzi ambao tayari ulikuwa umefanywa.

Siku hiyohiyo, katika bustani ya Uhuru Park, Raila Odinga aliwatangazia maelfu ya watu maneno mawili yaliyobaki katika kumbukumbu za taifa: "Kibaki tosha". Raila na wenzake, miongoni mwao Kalonzo Musyoka, George Saitoti na Moody Awori, walikuwa wameasi KANU. Upande wa pili, Kibaki alikuwa amekwisha kukubaliwa na Michael Kijana Wamalwa na Charity Ngilu, ambao pamoja naye walikuwa wamewania urais 1997 na kugawana kura hadi Moi akapenya kwa asilimia 40.

Ni kwa nini walimkubali Kibaki? Si kwa sababu alikuwa na wafuasi wenye hamasa kuliko wengine. Raila alikuwa na wafuasi wenye hamasa zaidi. Kibaki alikuwa na sifa ambayo katika mkutano wa hadhara haina thamani, lakini katika chumba cha mashauriano ni ya thamani kubwa: hakuna mshirika aliyeamini kwamba angemmeza. Alikuwa na umri wa miaka 70, alikuwa ameshika wizara ya fedha na wadhifa wa makamu wa rais, na kila mmoja alidhani kwamba zamu yake ingefuata baada ya mzee.

Aliposhindwa kufanya kampeni baada ya kuumia katika ajali ya barabarani mapema Desemba, waliokuwa mahasimu wake ndio waliozunguka nchi wakimwombea kura. Mnamo Desemba 27, 2002, alishinda kwa takriban asilimia 62 dhidi ya 31 za Uhuru.

Mchujo wa wanachama haukuwepo. Laiti ungekuwepo, ni vigumu kuamini kwamba Kibaki angeshinda. Wala si wapole wote walionufaika mwaka huo. Musalia Mudavadi, aliyekuwa amejiunga na waasi wa KANU kisha akarudi, aliteuliwa makamu wa rais Novemba 2002. Mwezi uliofuata alipoteza kiti chake cha ubunge cha Sabatia. Katika eneobunge la Juja kwenyewe, mshindi hakutoka NARC wala KANU: William Kabogo aliingia bungeni kwa tiketi ya chama kidogo cha Sisi kwa Sisi.

Mudavadi na milango iliyofungwa

Hakuna mwanasiasa ambaye safari yake inaeleza suala hili vizuri kuliko Mudavadi. Mnamo Septemba 1, 2007, wajumbe wa ODM walipiga kura Kasarani kumteua mwaniaji wa urais. Raila alipata kura 2,656, Mudavadi 391 na William Ruto 368. Mudavadi alikubali matokeo bila kelele na akafanywa mgombea mwenza. Ni heshima, lakini ni heshima ya msaidizi.

Kufikia 2012 alitaka nafasi ya kwanza. Kizuizi kilikuwa kipengele cha katiba ya ODM kilichompa kinara wa chama nafasi ya kuwa mwaniaji wa urais moja kwa moja. Alidai kibadilishwe, akaona mambo yanajikokota, na Mei 2012 akahamia chama cha UDF.

Kisa kilichofuata kinaugusa moja kwa moja ukanda wa Thika na Ruiru. Uhuru Kenyatta na William Ruto walikuwa wakikabiliwa na kesi katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) kuhusu ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007. Mwanzoni mwa Desemba 2012 ulitiwa saini mkataba ambao ungemfanya Mudavadi kuwa mwaniaji wa urais wa muungano wao wa Jubilee. Kwa hesabu ya mezani, ulikuwa mpango wa busara: mtu asiyetishia yeyote, anayekubalika nje ya Mlima Kenya na Bonde la Ufa, asiye na kesi The Hague.

Haukudumu wiki tatu. Wakereketwa wa TNA waliupinga kwa nguvu, na Uhuru akajitenga na mkataba huo akisema kwamba alishinikizwa na nguvu za giza. Wajumbe wa chama walimsimamisha yeye mwenyewe.

Tofauti ya 2002 na 2012 iko hapa. Mwaka 2002 Raila aliwaambia wafuasi wake wamfuate Kibaki, nao wakatii. Mwaka 2012 wafuasi wa Uhuru walikataa kumkabidhi mtu mwingine kura zao, na hasa kesi za ICC ndizo zilizowafanya wakatae: waliziona kuwa shambulio dhidi yao wenyewe, na mtu anayeshambuliwa hatafuti mpatanishi, hutafuta ngao. Machi 2013 Uhuru alipata takriban asilimia 90 ya kura za Kiambu. Mudavadi, aliyewania kupitia muungano wa Amani, alipata kura 483,981 nchi nzima.

Jirani wa Gatanga

Palikuwa na mwaniaji mwingine ambaye wakazi wa Thika walimjua kwa karibu zaidi. Peter Kenneth alikuwa mbunge wa Gatanga, eneobunge linalopakana na mji huo, tangu 2002. Alisifiwa kwa jinsi alivyosimamia fedha za hazina ya maendeleo ya maeneobunge, na barabara na shule za Gatanga zilitajwa mara kwa mara kama mfano wa kuigwa. Hakuwa na mazoea ya kutukana.

Kenneth hakujaribu kushindania tiketi ya TNA, kwani hapakuwa na la kushindania. Alichukua ile ya Kenya National Congress. Alipata kura 72,786, ambazo hazikufika hata asilimia moja. Mkazi wa Thika aliyeipenda kazi yake aliona kwamba kumpigia kura kungekuwa kuipunguzia jamii yake kura katika shindano lililotazamwa kama la kufa na kupona. Mwaka 2017 Kenneth alijaribu tena, mara hii kuwania ugavana wa Nairobi, na katika mchujo wa Jubilee alibwagwa vibaya na Mike Sonko, mwanasiasa wa vishindo. Mei 2022 jina lake lilitajwa sana kwa nafasi ya mgombea mwenza wa Raila Odinga katika Azimio, lakini Raila akamteua Martha Karua.

Katiba yataka hivi, chama chataka vile

Kuna kinaya katika haya yote. Katiba ya 2010 iliandikwa kana kwamba ilikusudiwa kumpa nafasi mwanasiasa wa kadri. Kwa mujibu wa Kifungu cha 138, mshindi wa urais lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 ya kura katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47. Mtu anayependwa nyumbani kwake tu hawezi kufika hapo.

Ungetarajia basi vyama vitafute watu wanaokubalika kote. Badala yake, vigogo wamepata njia ya mkato. Kila mmoja hujenga ngome yake kwanza kwa maneno makali, kisha hununua kibali cha kaunti nyingine kwa mikataba ya ushirikiano. Upole haumo katika orodha ya mahitaji. Huajiriwa baadaye, katika nafasi ya pili.

Ndiyo maana Kalonzo Musyoka alikuwa mgombea mwenza wa Raila 2013 na tena 2017. Ndiyo maana Mudavadi alijiunga na Ruto Januari 2022 na baada ya uchaguzi akapewa wadhifa wa Waziri Mwenye Mamlaka Makuu.

Hata nafasi hiyo ya pili haipatikani kwa urahisi. Mei 2022, viongozi wa Mlima Kenya walioegemea upande wa Ruto walipokutana kupendekeza mgombea mwenza, ripoti za wakati huo zilieleza kwamba Kithure Kindiki, mwanasheria wa maneno machache, ndiye aliyeongoza. Ruto alimchagua Rigathi Gachagua, ambaye ulimi wake ulifahamika kuwa mkali na ambaye alionekana kuwa na uwezo wa kuamsha kura za mashinani. Kura hizo ziliamka: Kiambu ilimpa Ruto zaidi ya asilimia 70. Oktoba 2024 Gachagua aliondolewa mamlakani na Bunge na Seneti, na ndipo Kindiki akaitwa. Aliapishwa kuwa naibu wa rais Novemba 1, 2024, bila kuhitaji kura ya mwananchi yeyote.

Mambo haya si ya Kenya pekee. Nchini Tanzania, Julai 2015, CCM ilikuwa na watia nia 38 na kambi zilizokamiana. Baada ya jina la Edward Lowassa kukatwa, wajumbe walimpitisha John Magufuli kwa asilimia 87, kwa kiasi kikubwa kwa sababu hakuhesabiwa kuwa wa kambi yoyote. Waliodhani kwamba asiye na kambi ni mpole walijua baadaye jinsi walivyokosea. Nchini Marekani, Joe Biden alionekana kuelekea kushindwa katika mchujo wa Democratic wa 2020 hadi aliposhinda South Carolina, na wapinzani wake wawili wa msimamo wa kati wakajiondoa na kumuunga mkono. Hali ya "tosha" huweza kutokea popote, ila haitokei bila mtu kukubali kumpisha mwenzake.

Nani hupewa karatasi ya kura

Lawama mara nyingi hutupiwa mpigakura wa kawaida, kwamba ndiye apendaye kelele. Ushahidi wa mchujo wa Aprili 2017 unaweza kutumiwa kuunga mkono dai hilo. Wafuasi wa Jubilee katika Kiambu walijitokeza kwa wingi, na Ferdinand Waititu, mwanasiasa wa mikutano ya barabarani, akamshinda gavana Kabogo kwa zaidi ya kura 350,000 dhidi ya takriban 70,000.

Kabogo hakuwa mpole, hivyo mfano huo hauthibitishi mengi. Na mwaka huohuo wakazi wa Thika walimchagua Patrick Wainaina kuwa mbunge wao akiwa mwaniaji huru, licha ya wimbi la kupiga kura kwa mtindo wa suti, yaani kuchagua wawaniaji wa chama kimoja kuanzia juu hadi chini. Walipopewa nafasi ya kupima mtu, walimpima.

Sababu ya mchujo kuwa mkali katika eneo hili yaeleweka. Ambapo chama kimoja kina uhakika wa kushinda, kura ya mchujo ndiyo uchaguzi wenyewe, na siku yenyewe hubaki ya kuthibitisha. Anayeshindwa hana kwingine pa kukata rufaa, ila awe mwaniaji huru. Katika hali hiyo mtu wa maneno ya wastani huonekana kama asiyetaka kiti kwa dhati.

Lakini mchujo huo huhusu nyadhifa za chini. Katika tiketi ya urais, wakazi hawa hawajawahi kupewa nafasi hata ya kukosea. TNA ilimpitisha mwaniaji wake kwa wajumbe 2012. Jubilee haikuwa na mshindani wa Uhuru 2017. UDA ilimwidhinisha Ruto Kasarani mnamo Machi 15, 2022, akiwa peke yake. Pendekezo la upande wa Matiba la 1992, kwamba kila mwanachama apige kura yake, halijatekelezwa na chama chochote kikubwa.

Sheria ya Vyama vya Kisiasa, ilivyofanyiwa marekebisho 2022, inaviruhusu vyama kuteua wawaniaji kwa mchujo wa moja kwa moja au kupitia wajumbe. Uamuzi ni wa chama, na kwa kiti cha urais vyama vikubwa vimechagua wajumbe. Uchaguzi mkuu unaofuata umepangwa kufanyika Agosti 2027. Wanachama wa Ruiru na Thika wanaotaka kupima iwapo mwanasiasa wa kadri anaweza kushinda tiketi hiyo watalazimika kwanza kudai karatasi ya kura ambayo, katika mchujo wote walioshiriki hadi sasa, haikuwepo mezani.